Milioni na Nusu ya Kwanza

Siku daktari aliponiambia nina saratani ya mitoki sikulia. Nilimwuliza kama naweza kuendelea kwenda kazini, akasema wiki mbili hizi naweza, nikamshukuru, nikatoka. Nililia siku ya tatu yake, nimesimama kwenye korido iliyojaa watu, mbele ya dirisha la bima, pale msichana wa dirishani alipogeuza kompyuta yake ili nami nione, akasema, "Mama, hapa inabidi uanze wewe."

Naandika haya nikiwa nimepona, au niseme vipimo vya mwisho havikuonyesha uvimbe. Nywele zimeota tena, laini kuliko za zamani. Saratani ni nini sitaeleza, waliosomea wapo. Nataka kueleza sehemu ambayo hakuna aliyenieleza, na ambayo mimi mwenyewe niliwaeleza wenzangu visivyo.

Nafanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha kamba za mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga. Naandika mahudhurio na likizo. Kwa kuwa nilifika kidato cha sita, wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao, na kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia pale ilipitia kwangu. Mwezi wa sita mmoja afisa utumishi akaniita akaniambia kampuni inabadili bima ya afya. Ile ya zamani tulikuwa tukikatwa elfu thelathini na nane kila mwezi. Hii mpya ni elfu kumi na tisa.

"Hospitali ni zilezile," akasema. "Saratani imo, figo imo, moyo umo. Wewe ongea nao, wanakusikiliza."

Akanipa kijitabu. Nilikisoma siku mbili. Ukurasa wa nne kulikuwa na neno dedaktibo, na mbele yake tarakimu milioni moja na laki tano. Sikulijua neno lile. Nikajiambia labda ndicho kiasi cha juu wanachoweza kukukata kwa mwaka mzima, na hiyo haikunihusu, mshahara wangu hauwezi kukatwa hivyo. Ningeweza kumrudia afisa nikamwuliza. Sikumrudia. Niliona aibu, mimi msomi wa kiwanda, kusimama mbele ya meza yake na kusema neno hili silijui. Aibu ile ilikaa kwangu kama dakika tano hivi, kisha nikafungua ukurasa wa tano.

Nilikusanya saini kwa siku tatu. Wa mwisho alikuwa mzee Mdoe, Mbondei wa Muheza, aliyekuwa kwenye mashine ya brashi, ile ya kusafishia nyuzi, tangu mimi niko shule ya msingi. Alikuwa amefunikwa vumbi la mkonge mpaka kope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi inasemaje?"

"Bima mpya, baba. Makato yake ni nusu ya ile."

"Inatibu?"

"Inatibu yote."

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Wewe umesoma. Ukisema inatibu, basi inatibu." Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda ngazi.

Vuli ya mwaka ule nikaanza kuumwa upande wa kushoto wa taya. Nilidhani ni jino, nikaling'oa. Uvimbe ukabaki. Kisha ukaja mwingine juu ya mtulinga, mgumu, hauumi. Nguo zikawa zinanipwaya. Nikawa naamka shuka limelowa jasho hata siku za baridi, na ngozi inaniwasha miguuni mpaka najikuna kwa kitana. Mume wangu, Bakari, ni fundi wa majokofu na feni, alikuwa akinitazama nikijikuna, anasema, "Mama Rukia, nenda hospitali, si una bima?" Nikaenda. Duka la dawa, kituo cha mionzi, maabara ya mjini, kisha wakakata kinyama kidogo shingoni wakakipeleka kupimwa. Kila mahali walitaka niwalipe fedha mkononi. Nililipa nikiamini nitarudishiwa.

Ndivyo nilivyofika kwenye lile dirisha, mwezi wa pili, na bahasha ya risiti.

"Kuanza mimi vipi?" nilimwuliza yule msichana.

"Milioni na nusu ya kwanza ya matibabu yako kwa mwaka, unalipa wewe. Ikishatimia, sisi tunalipa yote inayofuata. Imeandikwa hapa, kianzio."

Kwa Kiswahili ilikuwa neno jepesi hivyo. Kianzio.

"Na hizi mnazonikata kila mwezi?"

"Hizo ni za uanachama, mama. Haziingii humo."

Nikammwagia risiti zangu dirishani. Zilikuwa za laki tatu na elfu themanini. Akazipitia moja moja kwa kucha ndefu za rangi, akazigawa mafungu mawili. Fungu kubwa akanirudishia. Maabara haikuwa kwenye orodha yao. Duka la dawa halikuwa kwenye orodha. Jino lilikuwa limeng'olewa bila kadi kupitishwa kwenye mashine. Zilizohesabika zilikuwa elfu sabini.

"Kwa hiyo umebakiza milioni moja, laki nne na thelathini," akasema. Wala hakusema kwa ukatili. Nyuma yangu mtu akasema, "Mama, tusogee basi na sisi." Hapo ndipo nilipolia.

Nilirudi nyumbani Makorora nikamweleza Bakari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo niliulizwa na kila mtu mwaka ule: "Si una bima wewe?" Shangazi zangu wa Pangani waliuliza hivyohivyo. Wifi zangu waliuliza hivyohivyo. Mtaani kwetu mtu akiugua watu huchangishana, daftari linapita nyumba kwa nyumba. Langu halikupita. Nilikuwa mwenye bima. Siwalaumu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha kadi yangu.

Bakari aliuza pikipiki yake ya kazini. Tangu siku hiyo akawa anafunga mtungi wa gesi na vifaa vyake nyuma ya baiskeli. Jioni moja alirudi amechoka, nikamsikia akisema kwa chini, "Ungeniambia kabla hujasaini."

"Bima ya kazini, ningekuambia nini?"

"Ungeniambia. Ningeuliza mtu."

Hatukusemezana siku nne. Rukia, binti yetu, ndiye aliyekuwa akipeleka maneno: baba anasema chai iko wapi, mama anasema iko kwenye chupa. Nilikuwa na saratani shingoni, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Dripu ya kwanza nilitundikiwa masika yalipoanza, katika hospitali ya rufaa nje ya mkoa wetu. Ilikuwa safari ya siku nzima kwa basi, kila baada ya wiki tatu. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu. Nilipokwenda chooni mkojo ukatoka mwekundu kama juisi ya rozela, nikapiga kelele, muuguzi akaja mbio, akacheka, akanifunika bega kwa kanga yake. "Ni rangi ya dawa, dada. Kesho itaisha." Kanga ile alinisahaulia, au alijisahaulisha. Ninayo.

Nywele zilitoka kabla ya dripu ya pili, nikiwa nakoga. Kucha zikawa nyeusi. Mdomoni kila kitu kikawa na ladha ya sarafu, hata maji. Jirani yangu hukaanga samaki mlangoni pake, biashara yake ya miaka mingi, na harufu ile ilikuwa inanitoa nyongo. Sikumwambia. Asubuhi moja nikamwona anahamisha karai na jiko na benchi, anavipeleka upande wa pili wa nyumba kusikopita wateja. Nilipomwita nimshukuru akasema jua la huku ni kali tu. Alipoteza wateja, najua.

Katika benchi la kusubiri nilimpata Mama Eliza, mama wa Kilutheri kutoka Lushoto, mgonjwa mwenye dripu nyingi kuliko zangu. Yeye ndiye aliyenifundisha nilichokuwa sikijui. Risiti zake alikuwa amezibana kwa pini za nepi mafungu mawili, zile zinazohesabika na zile zisizohesabika. "Kabla hujatoa hata shilingi," akaniambia, "uliza: hii inahesabika kwenye kianzio? Mtu akikwambia ndiyo, mwambie akuandikie jina lake. Na uliza mwaka wao unaanza lini." La kwanza nililishika. La pili nililisikia kwa sikio la mgonjwa, likapita.

Milioni na nusu ilitimia kabla ya dripu ya tatu. Naikumbuka siku ile kama sikukuu. Niliweka kadi kwenye mashine, ikakubali, muuguzi akaniita bila mimi kwenda kwanza kwa mhasibu. Dripu ya nne, ya tano, ya sita, kadi ilikubali. Mitoki ikayeyuka mpaka nikawa naitafuta kwa vidole siioni. Nilianza kuisifu bima ile. Ndiyo, niliisifu.

Ilikuwa kipindi hicho, masika yanamalizika, mzee Mdoe alipokuja nyumbani kuniona. Alileta machungwa ya mwanzo, mabichi bado, kwenye mfuko wa saruji. Alikaa ukingoni mwa kiti. Nilimwona anatembea amejikunja, mkono mmoja kwenye kinena.

"Baba, mbona unatembea hivyo?"

"Mgongo, mwanangu. Uzee." Alinitazama kichwa, nilikuwa sijajifunga kitambaa, akatazama chini. "Wewe dawa unazipata?"

"Nazipata, baba. Bima inalipa sasa."

"Inalipa?"

"Yote."

"Alhamdulillahi," akasema, yeye Mkristo, kwa kunifurahisha. Akakaa kidogo kama mtu mwenye la kusema, kisha akaaga.

Dripu ya saba iliangukia wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Nilifika asubuhi, nikapima damu, nikaambiwa iko vizuri, nikalala kitandani, mkono umeshafungwa mpira. Muuguzi akaenda na kadi yangu akarudi nayo. "Inakataa, dada." Nilishuka kitandani, nikaenda mwenyewe dirishani.

"Mwaka wa bima umeanza upya tarehe moja," kijana wa zamu akasema. "Kianzio kimerudi."

"Ugonjwa ni uleule."

"Mwaka ni mpya, mama."

"Nilimaliza kulipa juzi tu. Nimo katikati ya dawa."

"Naelewa. Lakini mwaka ni mpya."

Milioni na nusu nyingine. Nilifunguliwa mpira mkononi, nikarudi Tanga siku hiyohiyo bila dawa, na damu iliyokuwa vizuri. Kwenye basi nilikaa nimeshika ile pamba waliyonibandika.

Tulihangaika wiki tano. Pikipiki haikuwepo tena ya kuuza. Nilikuwa na fungu langu katika shamba la minazi la marehemu baba, Pangani. Kaka yangu akalinunua, kwa bei aliyoitaja yeye, na akaniambia nishukuru kwamba shamba limebaki kwenye familia. Nilisaini. Wakati huo kitu kama punje ya harage kilikuwa kimerudi juu ya mtulinga. Kufikia siku niliyorudi hospitali kilikuwa kama kokwa la zambarau. Daktari alinipapasa, kisha akauliza nilikuwa wapi. Nikamweleza. Akavua miwani akaiweka mezani. Dripu zilizobaki mbili zikawa nne, na dawa ikabadilishwa ikawa kali zaidi. Miguu yangu imekufa ganzi tangu hapo. Mpaka leo nikivaa ndala sijui kama imetoka mguuni mpaka nitazame.

Nilipotoka dripu ya nane, Bakari alinipokea stendi. Alinishikilia mkono njia nzima, jambo asilolifanya barabarani. Tulipofika ndani akasema mzee Mdoe amefariki, ana siku tisa. Hakutaka kuniambia nikiwa na dawa mwilini.

Ilikuwa ngiri. Alikuwa nayo kitambo, ikazidi. Alipokwenda hospitali na kadi yake walimwambia operesheni ni laki tisa. Laki tisa haifiki milioni na nusu. Maana yake ni kwamba zote laki tisa ni zake, bima haihusiki hata kwa shilingi. Akasema atasubiri auze machungwa, msimu umekaribia. Utumbo ulijinyonga shambani, akiwa juu ya ngazi anachuma. Walimfikisha wamechelewa.

Kwa kadi ya zamani, ile ya elfu thelathini na nane, operesheni ile ingelipwa tangu shilingi ya kwanza. Mimi ndiye niliyempelekea kalamu.

Nilikaa na hesabu hiyo mpaka vuli. Dripu zangu ziligharimu mamilioni ambayo Bakari na mimi tusingeyapata hata kwa kuuza nyumba. Zililipwa, baada ya vile vianzio viwili, na niko hai kwa ajili hiyo. Ni bima ileile, karatasi ileile, majina yetu yako kwenye ukurasa mmoja. Aliyeugua kwa gharama kubwa alitibiwa. Aliyeugua kwa gharama ndogo alifia msimu wa machungwa. Watu huniambia nimshukuru Mungu, na ninamshukuru, lakini shukrani yenyewe inanikwama.

Mazishi yalikuwa yameshapita, na kwa wafiwa kuhani sikwenda. Daktari alikuwa amenikataza mikusanyiko, kinga yangu ilikuwa chini, na nilifurahi kukatazwa. Nilimtuma Bakari na rambirambi. Vuli nikamaliza dripu ya mwisho. Nilirudi kazini mwezi wa kwanza. Kwenye mashine ya brashi alikuwapo mtu mwingine. Niliacha kupita upande ule.

Mwezi wa sita ulipofika tena afisa utumishi akaitisha kikao cha kuongeza mkataba. Safari hii niliomba nisimame. Nilieleza kila kitu kwa Kiswahili: kianzio ni nini, nini hakihesabiki, mwaka unaanza lini. Niliwaambia malaria hamtalipiwa, kujifungua kwa kawaida hamtalipiwa, ngiri hamtalipiwa. Nikamtaja mzee Mdoe. Nikasema nilisaini kitu nisichokielewa na nikawafanya nao wasaini.  Kisha dada mmoja wa idara ya kusokota akanyoosha mkono.

"Mama Rukia, wewe si ilikulipia?"

"Ilinilipia."

"Na umepona."

"Nimepona."

"Basi."

Wakapiga kura kati ya bima ya zamani na hii. Ile ya elfu kumi na tisa ilipita. Elfu kumi na tisa unaiona kila mwisho wa mwezi kwenye hati ya mshahara. Ugonjwa ambao bado haujaja hauonekani. Nilikataa kukusanya saini. Wakampa mwingine akakusanya.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Muheza. Nilikuwa nimewaeleza watu sitini, na sikuwa nimemweleza yule aliyestahili kuelezwa kwanza. Mjane wa mzee Mdoe, Mama Yohana, nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Umenenepa, nashukuru."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilisema mimi ndiye niliyemwambia mzee inatibu yote. Nikasema sikujua. Nikasema ningeweza kuuliza na sikuuliza. Aliniacha nikamaliza.

"Alijua," akasema. "Siku ile aliyokuja kwako na machungwa alikuwa ametoka hospitali. Walikuwa wameshamwambia laki tisa. Alikuja kukuuliza kadi ina nini."

"Hakuniuliza."

"Alirudi akasema, sikumwuliza, mtoto yule hana hata nyusi. Akatukataza tusikuambie, wala mimi wala watoto." Akatoa jiwe kwenye maharage akalitupa uani. "Mimi sikuielewa hiyo habari mpaka leo. Watu wanasema kianzio, kianzio. Nieleze."

Nikamweleza. Nilisema, ukiumwa, milioni na nusu ya kwanza kwa mwaka unatoa mwenyewe. Ikizidi hapo, ndipo wao wanaanza kutoa.

"Rudia."

Nikarudia, polepole.

"Kwa hiyo ngiri ya mzee isingefika huko hata iweje."

"Isingefika, mama."

"Na ya kwako ilifika."

"Ya kwangu ilifika."

Akautikisa ungo, akapuliza maganda. 

"Haya," akasema. "Sasa nimeelewa."